Nyota za Rangi ya Chai

Baraka, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Mutoto wangu Arlette,

Nakusalimia mara tatu, asubui, muchana na mangaribi, juu sijui barua hii itakukuta saa gani. Baba yako Casimir anakusalimia, yeye na mugongo wake. Haendi tena ziwani, anashona nyavu mbele ya nyumba na kugombana na kuku. Nyanya yako Félicité anakusalimia. Amesahau majina ya bajukuu bengi lakini yako haijamutoka. Mudogo wako Fanny anakusalimia, iko darasa ya sita na banamupa sauti ya kwanza katika chorale ya kanisa, nyumba nzima hatupumziki. Mama mudogo Dorothée wa Lubondja anakusalimia, alitutumia mihogo mifuko mbili. Asha wa jirani anakusalimia na anasema usisahau kama ni yeye alikubeba mugongoni ile mwezi mi nilikuwa na homa. Na mbuzi mweusi amezaa bawili, angekusalimia pia kama angeweza.

Mukono huu ni wangu mwenyewe, usifikiri ni Fanny. Unajua simu ya hapa ni ya baba yako, na yeye akiishika anaweka sauti inje ili kila muntu wa njia ajue mutoto wake anapiga kutoka Le Cap, kule Afrika ya Kusini. Mama iko na maneno yenye hawezi kusema mbele ya njia nzima. Tangu nimeanza masomo ya kuandika pale paroisse, kwa Padri, nikasema: karatasi haina sauti ya inje. Mi naandika ndani ya kaye yangu ya masomo, Lionel wa secrétariat anapiga picha na kukutumia, na ya kwako anaichapa kwa mashine yake. Lionel anasema yeye hasomi. Nimemuamini nusu.

Sasa neno lenyewe. Juma iliyopita, katika shirika yetu ya sala, Mama Pulchérie aliniuliza mutoto wako anasoma nini kule mbali. Nikajibu kama unapima ukubwa wa nyota. Akaniuliza, na kamba gani? Bamama bote bakageuka kuniangalia. Nikasema kamba iko kwa professa. Bakacheka mpaka sala ikachelewa, na mi nikacheka nao, lakini nilifika nyumbani na haya. Miaka ine naombea kazi yenye sijui hata inafanywa namna gani. Nielezee. Usinielezee kama kwa baprofesa, nielezee kama kwa muntu anakausha samaki.

Na uandike herufi kubwa. Ile karatasi ya Noeli ilikuwa kama njia ya sisimizi, nafikiri mashine ya Lionel imechoka.

Huku kazi inaenda, lakini kuni za siku hizi ni mbaya. Mara mbili samaki ya mikebuka imeungua juu ya tanuru yangu, mi mwenye tangu ujana sijaunguza hata mumoja. Ni kuni tu.

Unavaa soksi? Banasema baridi ya huko inatoka kwa bahari na kuingia mifupani. Nijibu kabla ya shirika ya juma ijayo, Mama Pulchérie iko anangoja.

Ni mi mama yako,
Godelieve


Le Cap, tarehe 19 Januari 2024

Mama yangu mpendwa,

Salamu zako zimenikuta mangaribi, nikaipokea ile ya tatu. Msalimie Baba na mgongo wake, Nyanya, Fanny, Mama mdogo, na mwambie Mama Asha kwamba mgongo wake siusahau. Huku sasa ni joto, Mama. Soksi ziko ndani ya sanduku. Na angalia, nimeandika herufi kama za ubao wa kanisa.

Mwambie Mama Pulchérie kwamba hakuna kamba. Kuna moto, na moto ulinifundisha wewe.

Fikiri uko mbali, giza limeingia, na unaona matanuru mawili. Ni mbali hata huoni mlango wa tanuru, unaona nukta mbili za mwanga tu, na mwanga wao ni sawasawa. Nukta moja ni nyekundu, kama makaa yanayotaka kulala. Nyingine ni nyeupe na ina bluu ndani yake, kama ule moto wa kuunganisha vyuma pale garage. Nikikuuliza tanuru gani lina moto mpana zaidi, utajibu kabla sijamaliza. Makaa mekundu hutoa mwanga kidogo kwa kila kiganja. Ili yaangaze sawa na ule mweupe, lazima yawe rundo kubwa. Mweupe hata ukiwa mdogo kama ukucha unatosha.

Kazi yangu ni hiyo. Rangi ya nyota inaniambia kila kiganja cha nyota kinatoa mwanga kiasi gani. Mwanga wote unaotufikia ninaupima kwa mashine. Nikivijua hivyo viwili, ninagawanya na kupata nyota inachukua nafasi gani mbinguni. Si unene wenyewe, Mama, usije ukamdanganya Mama Pulchérie. Ni ukubwa unavyoonekana kutoka tulipo, kama vile mtumbwi ukiwa mbali kule rasi ya Ubwari ni mdogo na ukifika kwetu ufukweni ni mkubwa, lakini mtumbwi ni ule ule.

Ni ukubwa mdogo sana. Juu ya nyumba yetu siku hizi kuna nyota mbili zenye mwanga karibu sawa. Moja ni pana kama kifungo cha shati la mtu aliyesimama Uvira, kilomita karibu themanini, na wewe unakiangalia kutoka Baraka. Nyingine ni kama kichwa cha pini, kule kule Uvira. Hakuna jicho la kuona hivyo. Ni rangi na mwanga vinavyotuambia.

Nakupa kazi ya nyumbani. Karibu tarehe 8 ya mwezi wa pili mbalamwezi haitakuwepo. Baada ya chakula toka uani, inua kichwa. Utaona nyota tatu zimepanga mstari kama batoto ba komunyo ya kwanza kanisani. Kila upande wa mstari kuna nyota moja kubwa, moja upande wa Uvira, kaskazini, moja upande wa Kalemie, kusini. Niambie rangi ya kila moja, halafu unijibu wewe mwenyewe: nyota ya kifungo ni ipi? Rangi sikwambii, nitakuwa nimekujibia. Na usimuulize Fanny.

Tarehe 23 Aprili nitasimama mbele ya baprofesa kutetea kazi yangu. Ikipita siku hiyo ni kungoja mwaka mzima, na nafasi yangu watampa mwingine. Niombee.

Binti yako,
Arlette


Baraka, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Mutoto wangu Arlette,

Pokea salamu za bote, juu leo niko na haraka ya kukujibu kama mwanafunzi. Baba yako, Nyanya yako, Fanny, Asha, Dorothée mwenye alishuka kutoka Lubondja na bado iko hapa anakoroma, bote ni bazima.

Kwanza shirika. Niliwaelezea habari ya matanuru mawili. Nilisimama, Arlette. Mama Pulchérie alisikiliza mudomo wazi, halafu akasema, basi Godelieve, tangu zamani we ni professa na hukutuambia. Nilijibu kama hawajaniuliza vizuri. Asha nilimuelezea pia, yeye akasema nyota ameziumba Mungu na ukubwa wao anaujua, kwa nini kumusumbua mutoto. Lakini jioni nilimuona amesimama uani, shingo juu.

Sasa kazi yangu ya nyumbani. Nilitoka tarehe 8 na tarehe 9, nikaangalia vizuri, sikumuuliza Fanny. Nyota ya upande wa Uvira ni rangi ya chai bila maziwa. Nyota ya upande wa Kalemie ni rangi ya chai bila maziwa. Mwangaza ni moja. Zote mbili ziko na manyoya manyoya na duara pembeni, na kila moja iko na mudogo wake amemushika bega. Na ile mustari ya batoto ba komunyo, we unasema ni batatu, mi nimehesabu sita. Labda macho ya mama yako inashinda mashine yenu.

Basi nimefuata sheria yako. Rangi ikiwa moja na mwangaza ikiwa moja, ukubwa ni moja. We unasema kifungo na pini. Mi nasema vifungo viwili. Uambie professa wako aangalie tena mbele ya ile tarehe 23, usije ukapata haya mbele ya bantu juu ya kosa yake.

Kintu ingine nimeona. Bavuvi bamerudi kwa zile taa za zamani za petroli. Ile taa mpya nyeupe za batri, zenye ziliuma macho, sizioni tena, ziwa yote ni njano. Baba yako nilimuambia, akasema labda. Unamujua hajawahi kusema labda.

Samaki bameungua tena, kapu nzima. Moto nauona umelala, mwekundu kabisa, naongeza kuni, kidogo tu naskia harufu. Nitabadilisha muuza kuni.

Niandikie kama nimepata points ngapi.

Ni mi mama yako,
Godelieve


Le Cap, tarehe 13 Februari 2024

Mama,

Umepata zote. Nimesoma jibu lako mara nyingi na hakuna mahali umekosea. Ulivyogawanya ni sawa, sheria umeifuata kuliko wanafunzi ninaowafundisha hapa. Lakini nyota zile mbili hazifanani, Mama. Ile ya upande wa Uvira ni nyekundu ya makaa. Ile ya upande wa Kalemie ni nyeupe yenye bluu, hata mtoto mdogo anaiona.

Mwaka jana mimi pia nilipata nyota moja pana kupita kiasi. Nilipima usiku kumi, nikahesabu upya kila kitu, ikatoka vile vile. Professa wangu hakuangalia hata hesabu. Aliniuliza, kati yako na nyota kuna nini? Kulikuwa na vumbi. Huko juu pia kuna vumbi, na mwanga ukipita ndani yake unapungua na kugeuka mwekundu. Nyota haikuwa na kosa, na mimi sikuwa na kosa katika kupima. Nilikuwa nimesahau kuuliza kuna nini katikati.

Sasa nakuuliza wewe. Funika jicho la kushoto uangalie taa, kisha la kulia. Jua la saa sita linakuuma? Mtu akikujia kutoka mbali unamjua kwa sura au kwa sauti? Samaki walianza kuungua lini, kabla ya Noeli au baada? Usinijibu kuhusu kuni.

Nafikiri katika macho yako kuna kitu kimeingia katikati. Kina dawa, Mama, tena dawa ya siku moja. Nenda ukaonwe. Nijibu leo leo.

Arlette


Baraka, tarehe 25 mwezi wa pili 2024

Mutoto wangu,

Salamu za baba yako, za Nyanya yako, za Fanny, za Dorothée mwenye amerudi Lubondja, za Mama Pulchérie, za Padri, za katekista Alphonse na bibi yake, za Lionel pia.

Ziwa imepanda. Imekula njia ya chini na choo ya shule. Mihogo ya Dorothée ni mizuri. Mbuzi badogo baliingia sakristia, bakala maua ya altare. Fanny amepata wa tatu katika darasa. Mvua iko ya kutosha. Nimebadilisha muuza kuni.

Macho ni mazima. Usome vizuri.

Mama yako,
Godelieve


Baraka, tarehe 3 Machi 2024

Mwanangu Arlette,

Assalamu alaikum. Ni mimi Mama Asha. Kijana wangu Yasini anakusalimia, na wote wa nyumbani kwetu. Mama yako hajui kama nakuandikia, na akijua atanikatia mboga, lakini mimi nilikubeba na nina haki ya kusema.

Mama yako haoni. Si kwamba haoni kabisa, anaona kama mtu anayechungulia ndani ya chupa ya mafuta ya mawese. Barua zako anasomewa na Fanny, kisha anazishika usoni anajifanya anazirudia. Zake anaandika vizuri kwa sababu mkono unajua njia. Alhamisi alisimama barabarani akaisalimia pampu ya maji, akaiuliza habari za mke na watoto, akidhani ni Alphonse. Haikujibu. Akaniambia tangu Alphonse awe katekista ana kiburi.

Ule moto wake ndio unanitia hofu. Yeye anaongeza kuni, akigeuka tu baba yako anatoka polepole na kuzitoa. Mzee yule na mgongo wake, kila siku, na wawili hao hawajaambiana neno. Nilimuuliza Casimir kwa nini asimwambie. Akasema, "Asha, moto ndicho kitu chake. Nikimwambia haoni moto, nimemwachia nini?"

Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Fizi tarehe 3 ya mwezi wa nne. Nimeuliza mwenyewe. Mama yako anajua, na amesema siku hiyo ana kazi. Sema naye wewe, maana mimi wallahi nimeshindwa.

Asha


Le Cap, tarehe 5 Machi 2024

Mama,

Ninajua yote. Usimkasirikie aliyeniambia.

Nimemwomba professa wangu niahirishe ile tarehe 23. Hakufurahi, lakini nikikaza ataniruhusu. Nitafika kabla ya mwisho wa mwezi. Nitakupandisha Fizi mwenyewe, nitakushika mkono mpaka mlangoni. Kazi yangu itangoja. Nyota haziendi popote.

Arlette


Baraka, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Arlette,

Leo sisalimii muntu. Fanny amenisomea barua yako mara moja na nikamuambia anyamaze.

Usikuje.

Asha nimemukasirikia siku moja, halafu alileta uji na tukalia. Baba yako pia nimeongea naye. Nilimuuliza ni tangu lini anatoa kuni zangu. Akasema tangu Toussaint, sikukuu ya batakatifu bote. Miezi mine, Arlette, muzee anainama nyuma yangu. Nilitaka kumupiga na kijiko cha uji. Yeye alinishika mukono tu, akasema nisimuombe aache.

Sasa nikuambie ukweli kwa nini nilificha. Nilikuwa na shangazi kule Kilembwe, dada mukubwa wa baba yangu. Macho yake iliingia wingu kama hii yangu. Balimupeleka kwa muntu wa majani, na yule muntu alimutia maji ya majani ndani ya jicho siku saba. Siku ya nane jicho ikazimika, na iliuma mpaka alikufa. Mi nilikuwa musichana wa miaka kumi na tatu. Mi ndiye nilikuwa namushika kichwa asitikisike. Tangu ile siku, muntu akisema jicho na dawa pamoja, mikono yangu inamusikia shangazi. Ndiyo nilikuwa nasema kuni, kuni, kuni.

Na ingine: nilijua utafanya vile umefanya. Utaacha. We tangu udogo, mi nikikohoa we unaacha kula.

Sikiliza vizuri. Nitaenda Fizi tarehe 3. Nitaenda na baba yako na Asha. Lakini we utasimama mbele ya baprofesa tarehe 23. Ukikanyaga Baraka kabla ya ile siku, mi sipandi kitanda ya badaktari, na unajua kichwa yangu ni ngumu, ni hiyo hiyo nilikupa. Nimekausha samaki miaka yote juu utoke, sikukausha juu urudie katikati ya njia.

Usinishike mukono. Nielezee tu. Banatoa nini? Banaweka nini? Niambie yote hata yenye inatisha, vile ulinielezea matanuru. Kintu nikiijua naweza kuilalia.

Jibu haraka sana, juu siku ni chache na naogopa.

Mama yako


Le Cap, tarehe 10 Machi 2024

Mama,

Nimelia, nimemaliza, nimemrudia professa. Nimemwambia tarehe 23 iko pale pale. Amefurahi kuliko mimi.

Sasa yote, kama ulivyoomba. Nyuma ya mboni ya jicho kuna kitu kidogo chenye umbo la punje ya dengu, kinachopaswa kuwa safi kama maji. Chako kimezeeka na kuwa na rangi ya chai. Ndicho kinachosimama kati yako na moto, kati yako na nyota, kati yako na Alphonse. Daktari atakutia dawa jicho lisisikie kitu. Hutalala, utawasikia wakiongea. Atapasua mahali padogo pembeni, atatoa ile punje, ataweka nyingine safi iliyotengenezwa na watu. Karibu nusu saa. Utaona mwanga mkali na vivuli vinavyopita, hilo ndilo litakalokutisha. Kisha watafunga, na kesho yake watafungua. Ni jicho moja kwanza. Linaweza kuwasha siku kadhaa, usilisugue, usiinamie moto mpaka wakuruhusu.

Si majani, Mama. Na kichwa chako kitashikwa na mtu aliyefanya kazi hiyo mara nyingi.

Naogopa pia. Lakini nimekubali masharti yako, nawe kubali yangu: usinifiche tena kitu. Nipe habari siku hiyo hiyo watakapofungua.

Arlette


Fizi, tarehe 4 mwezi wa ine 2024

Mutoto wangu,

Bamefungua asubui hii. Karatasi nimeomba kwa infirmière mwenye anatutunza na naandika juu ya magoti, kitanda ya pembeni iko na mama mumoja wa Lubondja mwenye anaomba rozari kwa sauti.

Ilikuwa vile ulisema. Mwangaza, vivuli. Daktari alikuwa anaongea na mwenzake habari ya njia mbovu ya Lulimba, kama muntu anamenya mihogo. Nilisema ndani ya roho, kama anaweza kuongea habari ya njia, basi mambo si mabaya. Pale aliposhika kichwa yangu nilimukumbuka shangazi, nikamuambia aningoje kidogo. Alingoja. Halafu nikamuambia sasa.

Kintu ya kwanza niliona ni shuka. Sikujua kama dunia ingali na nyeupe ya vile. Nikifunga jicho ya mupya, shuka inakuwa ya chai. Nikifunga ya zamani, shuka inakuwa nyeupe ya komunyo. Nimefunga na kufungua mpaka infirmière akaniambia Mama, pumzisha macho. Nikamuambia yamepumzika ya kutosha.

Baba yako aliingia na nikamuona. Arlette, baba yako amezeeka na hakuna muntu aliniambia. Nywele zote. Nilimuangalia mpaka akaona haya, akajifanya anatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

Usome. Simama vizuri ile tarehe 23, usiangalie chini.

Mama yako,
Godelieve


Baraka, tarehe 28 mwezi wa ine 2024

Mutoto wangu Arlette, mwenye masomo,

Barua yako na ile picha vimefika, na hii nimeisoma mi mwenyewe, Fanny alikuwa shuleni. Umepita. Nimesoma mahali bamekupigia makofi mara mbili, nikatoka inje kumuambia baba yako, akatupa wavu na kuanza kuita njia nzima bila simu. Nyanya yako ameomba nimuambie tena na tena, kila mara anafurahi upya. Asha alipiga vigelegele na kusema mugongo wake ndio ulisoma. Padri ametangaza kanisani. Mama Pulchérie anataka kujua sasa utapima nini.

Hapa nyumbani nimeona mambo. Mi nilikuwa natembea kifua mbele nikisema nyumba yangu ni safi kuliko ya bote. Arlette, ukuta wa jikoni. Bui bui bamejenga kijiji huko juu, na masizi, na mafuta ya samaki ya mwaka muzima. Nimemuuliza Fanny kwa nini hakuniambia, akasema alifikiri naipenda vile. Nimefua, nimesugua, nimepaka chokaa. Asha alipita akasema heri ungebaki na ile jicho ya zamani, ulikuwa unatuacha tulale.

Nyota bado sijaangalia. Mvua inafunga kila mangaribi, na ile mustari yako ya nyota sasa inalala mapema kwa upande wa milima, Yasini alinionyesha mahali. Sina haraka. Samaki juma hii bametoka rangi ya dhahabu, kapu ine. Baba yako anakuja bado kusimama nyuma yangu saa ya moto. Hakuna tena kuni ya kutoa. Anasimama tu, na mi simufukuzi.

Badaktari banarudi mwezi wa sita kwa jicho ya kushoto. Nimeandikisha jina mi mwenyewe, bila kushikwa mukono, na nimemuandikisha yule mama wa rozari, wa Lubondja, mwenye alikuwa anaogopa, kwa jicho yake ya pili.

Sasa picha. Lionel ameichapa kubwa na nimeiweka kwa ukuta mupya. Nimeiangalia kutoka kona mpaka kona. Uko katikati, nguo ya robe imekupendeza, meno yote inje. Professa ni yule mwenye mvi, nimemutambua, iko na sura ya muntu anauliza maswali. Bale basichana bawili ni barafiki, ulishaniandikia habari yao. Lakini nyuma ya bega yako ya kulia kuna kijana murefu, shati ya bluu. Ndiyo, nimeona bluu. Bantu bote banaangalia mashine ya picha, yeye haangalii mashine. Anakuangalia we. Na ameshika sakoshi yako, ule mufuko wa maua Dorothée alikushonea. Ameishika na mikono miwili, kama muntu anabeba mayai.

Baba yako anasema labda ni mulinzi wa mulango. Asha anasema hakuna mulinzi anashika sakoshi namna ile. Mi niliwaambia nitakuuliza.

Tulikubaliana hakuna kufichana tena, na masharti hiyo ilitoka kwako. Niambie jina yake, kwao ni wapi, na kama anakula ugali. Andika haraka, hata herufi ndogo kama za sisimizi sasa nazisoma. Na usijaribu kuniambia ni mupita njia, juu leo niko na jicho moja tu, lakini mwezi wa sita nitakuwa na mawili.

Ni mi mama yako mwenye anakupenda na anakuona,
Godelieve